Kabla Hujanunua Jack Russell, Mpime Kifua

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo mezani ninaye Pili, Jack Russell wangu wa miaka minne. Wengi mmeniuliza kama mbwa huyu anafaa kufugwa nyumbani. Nitajibu, ila naanzia kifuani mwake, maana historia yake yote imekaa hapo.

Tazameni kwa karibu. Naweka viganja vyangu nyuma ya miguu ya mbele, namzungushia. Mmeona? Vidole gumba vimekutana mgongoni, na huku chini vidole vingine vimegusana. Nikibana kidogo mbavu zinabonyea, wala halalamiki. Waamuzi wa mashindano humpima hivi hivi mpaka leo. Kifua kisichoenea mikononi hakipiti kwenye shimo la mbweha, na kuingia mashimoni ndiyo kazi waliyomzalishia. Jack Russell ni terrier, kundi la mbwa wadogo wa kuwinda mashimoni, na hata jina hilo terrier chimbuko lake ni neno la Kilatini terra, yaani ardhi.

Twende Uingereza, mwaka 1819. Kijana John Russell, ambaye mbwa hawa wamepewa jina lake, mzaliwa wa Dartmouth huko Devon, alikuwa anasoma Oxford. Nje kidogo ya mji akakutana na muuza maziwa aliyefuatana na mbwa jike. Akampenda palepale, akamnunua palepale. Jike huyo aliitwa Trump. Alikuwa mweupe, ana mabaka ya hudhurungi machoni na masikioni, na kidoa kisichozidi sarafu ya peni pale mkia unapoanzia. Manyoya yalishikana, magumu kidogo, miguu imenyooka, na umbo lake lililingana na la mbweha jike. Kwa huyo Trump ndipo Russell alipoanzia.

Baadaye akawa kasisi wa Swimbridge, hukohuko Devon, na uwindaji hakuuacha. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Mbwa wakubwa walimfukuza mbweha, na wawindaji juu ya farasi nyuma yao. Mbweha akizama shimoni, ilikuwa zamu ya terrier: aingie gizani, ambwekee, amkere mpaka atoke, mbio ziendelee. Russell hakutaka muuaji. Mbweha akifia humo ndani, uwindaji wa siku hiyo umeharibika. Alitaka sauti na moyo. Weupe nao ulikuwa na sababu: mbwa akichomoka shimoni asidhaniwe ni mbweha akararuliwa na wenzake.

Basi mtu akiniambia Jack Russell ana kelele, mimi namwona anafanya kazi yake. Pili alisikia fuko chini ya tuta langu la mchicha mwezi uliopita. Nilipofika, kichwa na mabega vilikuwa vimeshazama, udongo unaruka nyuma, na anabweka humo humo ardhini. Hakuna aliyemfundisha.

Russell alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Kennel Club, chama cha Uingereza kinachosajili aina za mbwa, mwaka 1873. Alifariki mwaka 1883, na Arthur Heinemann akaendeleza mbwa wa aina ile, akaandika vigezo vyao vya kwanza mwaka 1904. Kennel Club yenyewe ilichelewa sana kuwatambua: wenye miguu mirefu mwaka 1990, ambao leo huitwa Parson Russell, na hawa wafupi kama Pili mwaka 2016. Wafupi husimama sentimita 25 hadi 30, na vigezo vyao vilitengenezwa zaidi Australia. Muuzaji akikuambia mbwa wake ni uzao halisi wa Trump, usimwongezee hata shilingi kwa maneno hayo. Muulize kuhusu macho: terrier hawa wana ugonjwa wa kurithi unaotegua lenzi ya jicho, na upo uwezekano wa kuwapima wazazi.

Hukumu yangu? Nampenda mno, na namsifu kwa akili na ujasiri. Lakini kama unakaa ghorofani na unarudi saa mbili usiku, tafadhali usimchukue. Atateseka, na majirani watateseka. Mwenye kuku au sungura afikiri mara mbili. Mwenye uwanja na muda wa kutembea naye asubuhi na jioni, mchukue, ila kwanza zika mawe au wavu chini ya ua. Kwangu nilichimbia wavu futi moja na nusu, na upande wa mchicha bado natafuta mawe.