Nyuzi Zimekufa Kwenye Pikipiki ya Kale: Ununue Nini?

Bolti ikianza kuzunguka bila kukaza, acha hapo hapo. Kila unavyoilazimisha inasaga alumini iliyobaki, na kasha la injini ambalo halitengenezwi tena huwezi kuliagiza dukani. Ndiyo maana vifaa vya kutengeneza nyuzi (ile mikato ya mzunguko inayoshika bolti) navipanga kwa swali moja: kipi kitashika imara huku kikila nyama kidogo ya chuma?

Kabla ya chochote, nunua geji ya nyuzi, yaani vibapa vyenye meno vya kupimia nyuzi. Pikipiki nyingi za Uingereza za kabla ya miaka ya 1970 zina nyuzi za vipimo vya kale vya Kiingereza: Whitworth, zenye pembe ya digrii 55, pamoja na CEI zenye digrii 60, ambazo mara nyingi ni nyuzi 26 kwa inchi. Na si Waingereza peke yao. Skrubu ya milimita 5 kwenye pikipiki ya Kijapani ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 huwa na hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 0.9, wakati ya leo ina 0.8. Ukiitia ya leo humo itaingia mizunguko michache kisha itakaba, na spana ikiongezwa nguvu, uzi umekwisha.

Chaguo langu la kwanza ni tepu ya kusafishia nyuzi (tepu ni chuma chenye meno kinachozungushwa tunduni). Nyuzi nyingi zinazodhaniwa zimekufa zimejaa kutu na gundi kavu tu, au zimelala kidogo mwanzoni. Tepu hii inazirudisha mahali pake. Ile ya kukatia inaondoa chuma ambacho bado unakihitaji.

Zikiwa zimeliwa kweli, nafasi ya pili ni koili ya waya ya chuma cha pua, ambayo wengi wanaijua kama Helicoil. Kwenye bolti ya M6, yaani ya milimita 6, unatoboa kwa biti ya milimita 6.3, unakata kwa tepu maalumu ya koili (tepu ya kawaida ya M6 haifai), kisha unazungusha koili mpaka ikae robo hadi nusu mzunguko chini ya uso. Mwisho unagonga kile kijiulimi cha chini kikatike, na unakitoa. Uhakikishe kimetoka. Koili ikikaa sawasawa, mara nyingi inashika kuliko uzi wa mwanzo, kwa kuwa inajishikiza kwenye tundu pana zaidi. Nunua seti ya kipimo kimoja kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika. Masanduku yenye vipimo kumi kwa mkupuo siyapendi: tepu zake hukatika, na tepu iliyokatikia tunduni haitoboleki kwa biti ya kawaida.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye kifuniko cha klachi. Nilitoboa kwa mkono, jicho likiwa ndicho kipimo. Koili iliingia vizuri kabisa, lakini bolti ikasimama imeinama na kifuniko kikagoma kukaa. Tangu siku ile situmii drili ya mkono pale ambapo kipande kinaweza kufungwa chini ya drili ya kusimama.

Tundu la plagi, hata hivyo, lina hesabu yake. Hapo bushi nzima yenye ukingo (bomba fupi lenye nyuzi ndani na nje), kama Time-Sert, naipendelea kuliko koili, kwa sababu plagi hufunguliwa mara kwa mara na koili inaweza kutoka nayo. Inahitaji nyama zaidi, hivyo kwenye masikio membamba ya kasha, zile sehemu zinazochomoza kushika bolti, siitumii. Plagi nyingi za kale ni M14 yenye hatua ya 1.25, lakini urefu hutofautiana: fupi ni milimita 12.7, ndefu ni 19. Agiza bushi ya urefu huo huo, na ukiweza ivue hedi kwanza ili vumbi la chuma lisidondokee kwenye silinda.

Sikio likiwa limepasuka, mpe fundi wa kuchomelea kwa argoni ajaze, kisha tundu likatwe upya. Ni kazi ghali, na alumini iliyonyonya oili kwa miaka mingi husumbua kuchomeleka.

Ya mwisho ni gundi ya kuunda nyuzi. Inafaa skrubu ya kifuniko kisichobeba mzigo. Usiiweke kwenye plagi, stadi za hedi wala bolti ya kumwagia oili. Na ukiikuta tunduni imeachwa na mwenye pikipiki wa zamani, ichokonoe yote itoke ndipo uanze kutoboa.