Chakula cha Kithai Nairobi: ukale hotelini ama ujipikie?

Hii stori haiishi, na Ijumaa nimechomwa tena, hoteli moja Westlands pad thai, zile tambi za mchele za kukaanga, ni tamu kama peremende, ukwaju hausikiki, supu ya tom yum imeletwa baridi baada ya kungoja saa nzima. Kwa bei hoteli inashindwa, pesa ya sahani moja inalisha watu wanne nyumbani, na ukwaju, mchaichai na nazi ziko tu pale soko la Marikiti. Shida ni sosi ya samaki na tambi za mchele, hizo utazisaka supamaketi kubwa, alafu masufuria nani ataosha? Ladha, mpishi mzuri wa hoteli humfikii, ila leo yuko kesho hayuko. Una deti, enda hotelini. Ni wewe na watoto na mshahara bado, washa jiko.