Ghorofa refu la Posta, katikati ya Dar es Salaam: vioo vitupu au ukuta wenye vivuli?

Ghorofa lenye maduka chini, ofisi katikati na makazi juu unaweza kulivika vioo chini hadi juu, au ukalijengea kuta za tofali, madirisha ya kiasi na vibaraza. Vioo huvuta wapangaji wa ofisi, na ukiwa Kivukoni bahari yote ni yako.

Tatizo ni jua. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana huishia zaidi juu ya paa. Linalosumbua ni la asubuhi na la jioni, linaloingia kwa ulalo mashariki na magharibi. Kioo cha tabaka mbili chenye utando wa kuakisi hupunguza joto, hakilimalizi. Viyoyozi havipumziki, na umeme ukikatika jenereta ndiyo inabeba mzigo wote. Isipowaka, madirisha yasiyofunguka hugeuza ofisi kuwa tanuri. Halafu kuna chumvi ya pwani: kuosha vioo vya ghorofa ya 20 ni kazi ya kuning'inia kwenye kamba.

Tofali halina mng'aro (madalali hawalipendi), ila mpangaji anafungua dirisha, upepo wa bahari unapita.

Mimi ningeweka vioo kwenye ofisi tu, upande wa kaskazini na kusini. Makazi yapewe vibaraza.