Kipimo cha gesi nne chenye pampu: miezi minane chembani

Mimi ni fundi wa nyaya za simu Dar es Salaam, nashinda kwenye chemba. Kipimo hiki kinasoma oksijeni, gesi zinazowaka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai viza. Hiyo ikizidi inaua pua, husikii harufu tena, kwa hiyo msiniambie mnategemea kunusa.

Nilichokipenda hasa ni pampu na mpira wake. Naupitisha kwenye tundu la mfuniko kabla hatujafungua, halafu napima juu, katikati na chini, maana methani hupanda na haidrojeni salfaidi hutuama. Usiwe na haraka, hewa inachukua muda kupita kwenye mpira.

Aprili, baada ya mvua, kililia kwenye chemba moja Kariakoo: asilimia 10 ya kiwango cha kuwaka. Methani huanza kuwaka ikifika asilimia 5 ya hewa, yaani tulikuwa kwenye nusu asilimia tu. Hata hivyo hakushuka mtu. Tulipuliza feni nusu saa, tukapima upya.

Kengele ni hafifu pakiwa na jenereta. Vipulizo vya silikoni viwekeni mbali, vinaua sensa. Na wauzaji, tafadhali leteni gesi ya kukihakiki. Mimi niliisubiri wiki tatu.