Uzoefu wangu: usukani mgumu na maji ya ngamani kwenye boti ya mtumba, Mwanza

Nianze na hukumu kwa wenye haraka. Kebo mpya ya usukani niliyofunga inastahili bei yake. Pampu ya kutoa maji ya ngamani, yaani yale yanayojikusanya chini ndani ya boti, ni nzuri, ila uzuri wake unategemea sana ilivyofungwa. Fundi aliyenifanyia kazi ameniokolea fedha kuliko vifaa vyote viwili.

Boti ni ya faiba, futi 21, imetumika Japani miaka mingi kabla ya kufika huku, na ina mashine moja ya kufunga nyuma. Naitumia kubeba dagaa na wafanyabiashara wenzangu kati ya Ukerewe na mwalo wa Kirumba. Ziwa letu ni la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, lakini boti iliyoishi baharini huja na madhara ya chumvi, na huwezi kuyaona kwa kutazama rangi nzuri ya nje.

Usukani ulikuwa mzito, hasa kukata kushoto, na boti ikikaa bila kutumika uligoma mpaka uushike kwa mikono miwili. Kwa mtu anayepita karibu na mawe ya Capri Point mchana upepo ukiwa umeshika kasi, hilo si jambo la kuvumilia. Nilikuwa nimeshashauriwa ning'oe kila kitu niweke usukani wa oili, unaogeuza mashine kwa shinikizo la oili badala ya kebo, ambao ni ghali mara nyingi zaidi ya wa kebo. Fundi akanizuia: "Mama, usinunue kitu bado. Kwanza tujue anayeumwa ni nani, mashine au usukani."

Alifungua nati inayounganisha fimbo ya usukani, ile iliyo mwisho wa kebo, na mashine, akaisukuma mashine kwa mkono. Ikaenda kushoto na kulia bila shida, kwa hiyo mashine ilikuwa nzima. Ingekuwa nzito, tatizo lingekuwa kwenye ekseli yake ya kugeukia, ambako grisi ya zamani hukauka ikawa kama gundi, na kebo mpya isingesaidia chochote. Kisha akaichomoa fimbo kutoka kwenye bomba la chuma linalopita mbele ya mashine. Huko nako kulikuwa na ukoko mweupe, akausugua kwa brashi ya duara na kupaka grisi ya majini. Tukazungusha usukani fimbo ikiwa nje kabisa: bado mzito. Hapo ndipo jibu lilipopatikana. Ganda la plastiki la kebo lilikuwa limepasuka kwenye kona kali chini ya dashibodi, maji yakaingia na waya wa ndani ukashika kutu.

Wapo wanaojaribu kumwagia oili ndani ya kebo ya namna hii. Hulegea kidogo, halafu hukwama tena, na waya uliokwisha kutu unaweza kukatika ukiwa katikati ya maji. Kebo iliyooza haitibiwi, hubadilishwa. Urefu wake huandikwa kwa futi kwenye ganda lenyewe, kwa hiyo soma hapo kabla ya kuagiza, na uhakikishe aina yake inaoana na kichwa cha usukani (kile kisanduku cha nyuma ya usukani kinachovuta kebo) ulicho nacho. Yangu ilikaa vizuri. Tuliipitisha njia mpya yenye kona pana, na nati ya kujifunga ya fimbo tukaweka mpya. Nati hiyo ikidondoka huna usukani tena, na iliyokwisha kufunguliwa hupoteza nguvu ya kushika. Nasikitika kwamba kifurushi nilichouziwa hakikuwa nayo, ikabidi niitafute mjini. Kwa sababu hiyo kebo naipa nyota nne.

Baada ya kufunga, boti ikawa inavuta kulia ikikimbia. Dawa yake ilikuwa ndogo sana: kile kipezi kilicho juu ya pangaboi. Boti ikivuta kulia, mkia wa kipezi unasogezwa kulia, ikivuta kushoto unasogezwa kushoto. Bolti moja tu.

Maji ya ngamani ndiyo yaliyotusumbua zaidi. Kila asubuhi yalikuwepo, na pampu ya zamani ilinguruma bila kuyamaliza. Tulikausha ngama kwa vitambaa, tukatandika magazeti chini ya kila kiungo, boti ikalala majini. Asubuhi gazeti lililolowa lilikuwa chini ya koki ya shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, iliyo sakafuni. Fundi akaikwaruza kwa kisu, rangi yake ndani ilikuwa ya waridi badala ya manjano. Hiyo ni dalili kwamba zinki iliyomo imeliwa na kilichobaki ni shaba dhaifu ya kuvunjika. Tukaipandisha boti nchi kavu siku hiyohiyo tukaibadilisha. Ukiona rangi hiyo kwenye koki yako, usisubiri.

Bado, tukipakia magunia, maji yaliingia. Safari hii yalipitia kwenye pampu yenyewe. Tundu la kutolea maji lilikuwa chini sana ubavuni, boti ikizama kwa mzigo tundu linafunikwa, na pampu ikizimwa maji ya ziwa yanarudi ndani kwa mpira uleule wa kutolea maji. Mpira sasa umepandishwa juu kabisa chini ya ukingo kabla ya kushuka kwenye tundu jipya.

Pampu mpya niliyonunua imeandikwa galoni 1,100 kwa saa, yaani karibu lita 4,160. Usiamini namba hiyo kikamilifu, kwa sababu hupimwa maji yakitoka bila kupanda. Mpira mrefu wenye mikunjo ndani hupunguza maji zaidi, nikaweka wenye ukuta laini. Vali ya kuzuia maji kurudi tuliitoa: ilikuwa imeziba kwa magamba ya samaki. Na ile pampu ya zamani niliyotaka kuitupa, kumbe aliyeifunga aligeuza waya. Pampu ya aina hii ikizunguka kinyume bado hutoa maji, ila kidogo sana, na ndiyo maana inaudanganya moyo. Tumeigeuza waya, sasa ni ya akiba, ina fyuzi yake moja kwa moja kutoka kwenye betri. Pampu mpya nyota nne, fundi tano.

Jambo moja kwa wenye boti kutoka baharini: vile vipande vya zinki vya kulinda mashine, vinavyowekwa ili viliwe vyenyewe badala ya chuma cha mashine, havifanyi kazi vizuri kwenye maji baridi, huota utando na kuacha kulika. Kwa ziwa letu vinatakiwa vya magnesiamu. Vyangu nimeagiza Dar es Salaam, bado havijafika.