Mashine ndogo ya leza ya wati 40: uzoefu wangu wa kusawazisha kabati na meza

Nimeitumia mashine hii ya leza ya kaboni dioksaidi, inayokata mbao kwa mwali wa joto, ile ya wati 40 yenye kabati la bati na eneo la kazi la takriban milimita 300 kwa 200, kwa muda wa kutosha kusema kwamba kasoro yake kubwa haimo kwenye tyubu inayotoa mwali wala kwenye lenzi inayoukusanya, bali kwenye bati linalovibeba. Mwanzoni plaiwudi ya milimita 3 ilikatika safi upande wa mbele kushoto, lakini nyuma kulia ilibaki imeshikana kwa nyuzi, nami nikawa naongeza nguvu na kusafisha vioo vinavyoupeleka mwali kwenye lenzi, bila nafuu yoyote.

Siku nilipobonyeza pembe za kabati kwa kiganja, niligundua kuwa linayumba kama kigoda chenye mguu mfupi. Bati ni jembamba, na likisimama kwa miguu mitatu tu hujipinda lote, pamoja na fremu ya reli, ile inayobeba kichwa chenye lenzi, iliyofungwa ndani yake. Niliondoa miguu ya mpira, nikaweka ya skrubu inayopandishwa na kushushwa, kisha nikalegeza boliti za fremu kabla ya kurekebisha chochote, ili fremu isije ikafungwa ikiwa bado imepinda. Nilipopima ulalo wa fremu kutoka pembe hadi pembe, vipimo viwili vilitofautiana kwa milimita 3. Nikaisukuma taratibu mpaka vikalingana, ndipo nikakaza boliti.

Baada ya hapo nilifanya kosa ambalo nadhani wengi hulifanya: niliweka pimamaji juu ya meza, nikahangaika mpaka povu likatulia katikati, nikaamini kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Pimamaji hulinganisha meza na ardhi, ilhali leza haijali ardhi iko wapi. Inachohitaji ni umbali kati ya lenzi na meza ubaki uleule kichwa kiendapo kila pembe. Lenzi yangu ina fokasi (umbali ambao mwali hukusanyika pamoja) ya milimita 50.8, na ukiachana nayo kwa milimita 2 hivi mkato huanza kupanuka na kuungua. Kwa hiyo nilichonga kipande cha mbao kinachopita kwa kugusa tu chini ya kichwa, nikakitumia kama kipimo katika pembe zote nne na katikati.

Meza iliyokuja na mashine, yenye kibano cha springi katikati, niliitoa kabisa. Sijaona kazi inayofaa kufungwa kwenye kibano kile, isipokuwa labda mihuri midogo. Mahali pake niliweka bamba la chuma juu ya boliti 4 za M6, yaani zenye unene wa milimita 6, kila moja ikiwa na nati juu na nati chini, na juu ya bamba nikalaza wavu wa alumini wa muundo wa sega la nyuki. Uzi wa kawaida wa M6 hupanda milimita 1 kwa kila mzunguko, hivyo robo ya mzunguko inanipa robo ya milimita, kiasi ambacho mkono unaweza kukidhibiti bila kubahatisha.

Bomba la moshi lililojitokeza ndani lilikuwa linaziba sehemu ya nyuma ya meza, nikalikata kwa grinda. Nilifungua skrubu zake na kulitoa nje kwanza, kwa sababu unga wa chuma ukitua kwenye vioo au lenzi huuharibu ule uso unaopokea mwali. Kazi yenyewe ilichukua dakika chache.

Vioo ndivyo vya kurekebisha mwisho. Nilivilenga mapema, nikaviona viko sawa, kisha nilipokaza miguu ya kabati vyote vikapotea shabaha, nikaanza upya kubandika karatasi ya gundi na kutazama doa linalochomwa na mwali katika kila pembe. Ukitoboa kabati kwa ajili ya miguu au boliti, chomoa umeme na uiache mashine itulie, kwani upande wa tyubu una maelfu ya volti. Na kwangu nilikwangua rangi chini ya boliti ya waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, maana rangi ile ilikuwa inazuia mguso wa chuma kwa chuma. Niliongeza pia swichi ya kifuniko, inayozima mwali kifuniko kikifunguliwa, ambayo mashine haikuja nayo, kwa kuwa mwali wenyewe hauonekani kwa macho.

Sasa plaiwudi ile hukatika kwa mpito mmoja karibu kila mahali, kwa nguvu ndogo kuliko niliyokuwa nikiitumia awali. Pembe ya nyuma kulia bado iko chini kwa nusu milimita hivi, nami naamini ni reli yenyewe iliyopinda. Vipande vyenye maungio ya kubana navipanga mbali na hapo.