Uzoefu Wangu wa Kutibiwa Chunjua za Nyayo Mombasa

Nimetibiwa chunjua za wayo katika vituo viwili vya Mombasa, kimoja upande wa Nyali na kingine kisiwani, na ninaandika kwa ajili ya yule anayejiuliza kama yafaa kutoa pesa kwa kinundu kisichozidi ukubwa wa kifungo cha shati. Jibu langu ni kwamba yafaa, ila kinachostahili kulipiwa si ile mashine ya kugandisha ambayo kliniki hupenda kuitanguliza katika matangazo, bali ni mkono wa mtu anayejua kuparua ngozi iliyokufa na aliye tayari kukueleza ukweli kabla ya kukugusa.

Chunjua yangu kubwa ilikuwa chini ya kisigino, na ndogo kando ya kidole cha mwisho. Husababishwa na virusi vya papiloma, hasa aina ya 1, 2, 4, 27 na 57, ambavyo huingia kupitia mikwaruzo isiyoonekana, na huingia kwa urahisi zaidi ngozi ikiwa imelowa. Kwa maisha yetu ya Pwani, ambapo watu hushiriki bafu moja katika nyumba za kupanga, hutembea pekupeku sehemu za kutawadhia na hutoka jasho miguuni mwaka mzima, sioni ajabu kwamba chunjua hizi zimeenea. Kwa kuwa uzito wa mwili huzikandamiza, hazichomozi kama zile za mikononi, bali huzama ndani na kufunikwa na sugu. Kuteremka kuelekea kwenye feri ya Likoni asubuhi, nikisukumwa na umati, kulinifanya niamue kwamba sitangoja ziondoke zenyewe, ijapokuwa nyingi huondoka zenyewe, hasa kwa watoto, baada ya miezi mingi au hata miaka.

Kituo cha kwanza kilikuwa safi, chenye kiyoyozi na wahudumu wenye adabu, na kwa hayo sina la kulalamikia. Lalamiko langu ni la chumba cha matibabu. Mhudumu aliutazama wayo kwa haraka, akapuliza naitrojeni, kile kimiminika baridi mno cha kugandishia, juu ya sugu bila ya kuiparua, akaniandikia tarehe ya kurudi. Ubaridi uliishia katika ngozi nene isiyo na uhai, na chunjua iliyokuwa chini yake ikabaki salama. Sikuelezwa kwamba huenda ningehitaji kurudi mara nyingi, wala sikupewa la kufanya nyumbani. Niliporudi nilifanyiwa yale yale kwa bei ile ile. Kwa huduma ya namna hiyo, siwezi kumshauri mtu aende.

Daktari wa ngozi niliyemwona kisiwani, ambaye aliniita mama tangu salamu ya kwanza ingawa umri wetu haupishani sana, alianza kwa kuniuliza kama nina kisukari, kama miguu yangu hufa ganzi na kama nina mimba. Kisha aliibana chunjua kwa vidole viwili kutoka ubavuni, nami nikaruka. Alinieleza kwamba sugu ya kawaida huuma zaidi ikikandamizwa kutoka juu, na chunjua huuma zaidi ikibanwa pembeni. Kwamba mistari ya ngozi hupita juu ya sugu bila ya kukatika, lakini ikifika kwenye chunjua huizunguka. Alipoparua kwa kisu chake kidogo, vilitokea vitone vyeusi, vile ambavyo watu huviita mizizi na kuvichokonoa kwa sindano. Si mizizi, ni vishipa vidogo vya damu vilivyoganda. Aliniambia pia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, kwamba kwa sisi wenye ngozi nyeusi, saratani ya ngozi iitwayo melanoma hutokea mara nyingi zaidi kwenye nyayo na viganja au chini ya kucha, na kwa hiyo doa jeusi linalokua au kidonda kisichopona cha wayo hakifai kutibiwa kama chunjua kabla hakijachunguzwa. Kwa maelezo hayo peke yake niliona ada yake ni halali.

“Mama, nikikuahidi kwamba itatoka kwa mara moja nitakuwa nakudanganya,” alisema, kisha akanipangia kuganda na asidi kwa pamoja.

Naitrojeni ya kimiminika hufikia nyuzi 196 za Selisiasi chini ya sifuri, na vikopo vya kugandishia vinavyouzwa madukani havikaribii ubaridi huo. Daktari huipuliza mpaka chunjua na ukingo mwembamba wa ngozi inayoizunguka vigeuke vyeupe, huacha viyeyuke, na pengine hurudia. Maumivu yake ni kama ya kukanyaga kaa la moto, na usiku wa kwanza kisigino kilipwita hata nikameza panadoli. Siku iliyofuata lengelenge lilijaa maji yenye damu, nikaagizwa nisilipasue. Vipindi hupangwa kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa hiyo mtu anayesimama kazini kutwa ajipangie vizuri. Mimi nilikuwa nikienda Ijumaa jioni.

Kazi kubwa, hata hivyo, ilikuwa ya nyumbani. Kila jioni nililoweka mguu katika maji ya vuguvugu, nikasugua ngozi nyeupe iliyokufa kwa tupa niliyoitenga kwa kazi hiyo tu, nikapaka vaselini kuizunguka chunjua ili ngozi nzima isiungue, kisha nikapaka asidi ya salisiliki ya asilimia 17 na kuifunika. Plasta nyembamba za duka la dawa hazifai kabisa katika joto la Mombasa, kwa sababu jasho huzibandua kabla hujafika mlangoni. Iliyonifaa ni ile ya kitambaa, ya kukata kwa mkasi. Zipo pia plasta zenye asidi ya asilimia 40, ambazo ni nzuri kwa kisigino, lakini sharti zikatwe kwa kipimo cha chunjua yenyewe. Kazi hii huchosha na huweza kuchukua wiki 12 au zaidi.

Je, kuganda kuna faida gani ikiwa asidi ni rahisi hivyo? Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011 uliwagawa wagonjwa 240 wa chunjua za nyayo, baadhi wakagandishwa kwa naitrojeni na wengine wakajipaka asidi kali ya salisiliki, na baada ya wiki 12 waliopona kabisa walikuwa kama asilimia 14 katika kila kundi. Kwa hiyo asiye na uwezo wa kliniki asijione mnyonge kwa kuanza na asidi, mradi awe na subira. Kwangu mimi, kuparuliwa na mtu mwenye ujuzi ndiko kulikoifikisha dawa mahali pake, na kisigino sasa kimepona: mistari ya ngozi imerudi, ambayo ndiyo alama ya kweli ya kupona.

Niliuliza kuhusu kukwanguliwa na kuunguzwa kwa umeme. Daktari hakuipendelea kwa wayo, kwa kuwa sindano ya ganzi huuma mno mahali hapo, na kovu linaweza kuuma kila unapolikanyaga hata chunjua ikishaondoka. Kwa chunjua zisizosikia dawa alizitaja sindano za bleomisini, dawa itumikayo pia kutibu saratani, ambazo hazipewi wajawazito, na sindano za kuuamsha mwili upambane wenyewe na virusi, ikiwemo chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela inayodungwa ndani ya chunjua. Sikufika huko.

Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi au haipati damu ya kutosha asipake asidi wala asikubali kugandishwa kabla miguu haijapimwa. Ninasema vivyo hivyo juu ya mafuta ya maganda ya korosho, ambayo jirani zangu wa Mji wa Kale waliyasifu sana: yanaunguza kweli, lakini hayachagui kati ya chunjua na nyama nzima. Wembe ndio mbaya zaidi, maana huleta uchafu kidondani na kuvisambaza virusi.

Chunjua ndogo ya kidoleni bado ipo, ingawa imepungua, nami ninaendelea na asidi bila ya kurudi kugandishwa. Anayetaka kwenda, apige simu kwanza na kuuliza mambo matatu: kama ngozi huparuliwa kabla ya kugandishwa, kama malipo ni ya kila chunjua au ya kila kipindi, na kama naitrojeni ipo siku hiyo, kwa sababu hugeuka mvuke na kupotea hata ikiwa kwenye mtungi, na baadhi ya kliniki hugandisha siku maalumu tu.